Mama kapooza, hawezi kutamka "maji" lakini Alhamdu anaisoma yote. Hii imekaaje?

#1 BintiKengeja
Assalaam aleikum wanabaraza. Mama yangu ana miaka 66. Alianguka chooni alfajiri, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havimo. Tukamvusha Unguja, akalazwa siku tisa, na hii ni wiki ya tatu tuko naye nyumbani Pemba.

Kuna jambo linaninyima usingizi. Mama hazungumzi. Akitaka maji anasema "le, le, le". Akikasirika ni "le" hiyo hiyo, anapandisha sauti tu. Lakini juzi nilikuwa nasali Magharibi pembeni ya kitanda chake, nasoma kwa sauti, mara nikamsikia nyuma yangu ananifuata Alhamdu toka mwanzo mpaka "waladh-dhaalin", na Amin juu yake. Nikaikata sala, Mungu anisamehe. Nikamgeukia: mama, sema "maji". "Le."

Kaka yangu mkubwa anasema basi anaweza, anadeka tu. Shangazi anasema aliyesoma si yeye. Hospitali tulipewa karatasi ya dawa na neno moja: "mfanyisheni mazoezi, mrudi baada ya mwezi." Mazoezi gani, hakuna aliyetuambia. Nani amewahi kuliona hili? Na nyumbani mtu anaanzia wapi?

#2 MchokoziDarajani
Mwambie kaka yako na yeye adeke siku moja. Alale, asijigeuze, asiende chooni, tumuone.

#3 MtotoWaShamba
Pole dada. Chooni alfajiri? Huo ni upepo, usizunguke. Bibi yangu kapooza hivyo hivyo, akachuliwa kwa habbasoda na mafuta ya karafuu siku 40, akapigwa chuku, leo anakwenda shughulini kwa miguu yake. Shangazi yako usimpuuze.

#4 NesiMstaafu
Pole mwanangu. Wewe #3, nashukuru bibi amepata nafuu, lakini wiki za mwanzo wengi hupata nafuu kwa sababu uvimbe wa ubongo unapungua wenyewe. Aliyekuwepo na chupa ya mafuta siku hiyo ndiye anayechukua sifa. Kuchua polepole hakuna ubaya. Ubaya ni kuuvuta ule mkono. Bega la upande uliolegea linashuka kidogo kidogo, na mkiwa mnamnyanyua kwa kwapa mtalitoa kabisa, halafu mtasema "maumivu ya kiharusi" kumbe ni mikono yenu.

Binti, nijibu mambo mawili. Waliwaambia mshipa umeziba au umepasuka? Na akinywa maji anakohoa?

#5 MaktabaBubu
Mbali na upepo, hili lina historia. Mwaka 1861 kule Ufaransa, daktari Paul Broca alikuwa na mgonjwa ambaye jibu lake kwa kila kitu lilikuwa "tan". Alipofariki wakamkagua ubongo, wakakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. "Le" ya mama ndiyo "tan" ya yule bwana. Na kwa watu wengi sana lugha imekaa kushoto mwa ubongo, ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi hupotewa na maneno.

#6 MtotoWaShamba
Kapooza kulia halafu kimeharibika kushoto? Hebu jipange.

#7 NesiMstaafu
Amejipanga vizuri. Nyaya zinapishana, mwanangu. Ubongo wa kushoto unaendesha mkono wa kulia.

#8 BintiKengeja
Shukran sote. Nesi, waliopiga kipimo cha kichwa walisema umeziba. Kukohoa ndiyo, maji yanampalia sana, uji kidogo afadhali. Shangazi kaleta kombe, yale maji ya aya ya kunywa, nalo limempalia, akasema "unaona, hataki aya."

#9 UstadhiMdogoWete
La. Hapo shangazi apunguze. Kombe ni maji na zafarani. Kama maji yanampalia, kombe litampalia vile vile. Kisomo si lazima kinywewe, msomeeni papo hapo kitandani.

Na hili la "aliyesoma si yeye" ni neno zito kumtupia muumini. Nyinyi fanyeni hesabu: rakaa za faradhi 17 kwa siku, kila moja na Alhamdu yake. Kwa mwaka ni 6,205. Miaka hamsini, laki tatu na elfu kumi. Kitu ulichokisema mara laki tatu hakihitaji jini wa kukusaidia.

#10 MamaWaWatano
Ustadhi, hesabu yako imesahau kuwa huyo ni mwanamke. Kuna siku zetu hatusali. Punguza.

#11 UstadhiMdogoWete
Nimepunguza 😅 Ongeza na za sunna basi, tutakutana hapo hapo.

#12 NesiMstaafu
Kupaliwa ni jambo la leo, si la kesho. Chakula kinachoingia njia ya pumzi kinazaa homa ya mapafu, na hiyo imeondoa wagonjwa wengi waliokwisha kuokoka kiharusi chenyewe. Sikiliza vizuri:

Hali wala hanywi amelala. Akae wima kabisa, mito mgongoni, kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Kijiko kidogo, kwa upande wa mdomo wenye nguvu. Asipewe chengine mpaka cha kwanza kimeshuka. Mwangalie koo. Akishamaliza abaki wima nusu saa. Sauti yake ikitoka ya majimaji, kama mtu anayesukutua, simamisha hapo hapo. Watu wanadhani chepesi ndicho salama. Kwa mtu huyu maji matupu ndiyo mabaya kuliko yote, uji mzito unatembea taratibu na koo linawahi kujifunga. Akiendelea kupaliwa rudini hospitali hata kama mwezi haujafika, wamuangalie namna anavyomeza.

#13 MamaWaWatano
Bokoboko! Mpikie bokoboko laini, lipondwe hasa, chumvi ya kugusa tu. Mkwe wangu aliishi kwa hilo miezi miwili.

#14 MjukuuWaMaalim
Kuhusu maneno yanayobaki: babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akisema hata "pumbavu". Kiharusi kikamwachia neno moja: "Mshenzi!" Wageni wanakuja kumkagua, "Maalim, hujambo?" "Mshenzi!" Anasema na huku machozi yanamtoka, maana anajua anachosema na hawezi kukizuia. Bibi alikuwa anakaa mlangoni anawapa wageni habari kabla hawajaingia.

#15 MchokoziDarajani
Nimecheka halafu nimejuta.

#16 MaktabaBubu
#14 usione aibu. Daktari mmoja Mwingereza wa karne ya 19, Hughlings Jackson, aliandika kuhusu jambo hilo hilo: mgonjwa aliyepoteza maneno ya kujitungia anabaki na matusi, viapo, sala, kuhesabu. Vitu vinavyotoka kwa mkupuo. Kwa nini vinabaki, mpaka leo wanabishana. Wapo wanaosema upande wa kulia wa ubongo ndio unaovibeba, hasa vyenye mahadhi. Wapo wanaosema ni sehemu za ndani kabisa, zile za mazoea. Kwa hiyo kaka mkubwa kakosea, kusoma Alhamdu si ushahidi kuwa "maji" anaiweza.

#17 MpembaMuscat
Salaam. Mie naungana na kaka. Namjua mzee mmoja aliyekuwa hasemi mbele ya wanawe, akija mjomba wake anasema. Wagonjwa wengine wanataka tu waonewe huruma.

#18 BintiKengeja
Mwezi wa pili huu sijasimama mbele ya ubao, darasa langu kashikilia mwengine. Mama analia akiona nabadilisha shuka. Hakuna anayedeka kwa kujichafua.

#19 KapiLaJahazi
Mimi ni mzee, naandikiwa na mjukuu. Namuuguza mke wangu mwaka wa pili sasa. Yeye kapooza kushoto, anasema vizuri kuliko mimi. Lakini niliona jambo ambalo kama si ya huyu binti nisingelisimulia.

Namwekea sahani ya wali, anakula nusu ya kulia, safi, kama imekatwa kwa kisu. Ya kushoto punje haijaguswa. Halafu ananiambia "umenipa kidogo". Nikadhani ananitania. Siku ya pili vile vile. Usiku mmoja akanishtua usingizini: "Mzee, huu mkono wa nani humu kitandani? Mwambie auondoe." Ulikuwa mkono wake wa kushoto. Nikamwambia wako. Akasema wake anao mmoja, ule wa kulia. Jirani akaleta mganga, akasema kitandani mna mtu. Mtu mwenyewe ndio mimi, nimelala humo miaka arubaini na mbili.

Mtaalamu wa viungo ndiye aliyenifumbua: macho mazima, ila ubongo umeacha kuhesabu upande ule. Sasa sahani naigeuza katikati ya chakula. Mimi nakaa kushoto kwake nikizungumza, ili ageuke. Mwanzo alikuwa hageuki, anaitafuta sauti ukutani.

Na kwa mazoezi nimefunga kapi ndogo kwenye boriti ya ukumbi, ile ya kupandishia tanga, kamba imepita juu, kila ncha imefungwa kijiti chake cha kushika. Mkono mzima unashusha, uliolegea unapanda. Tunafanya mara kumi asubuhi na kumi jioni.

#20 FizioMtaani
Mzee wangu shikamoo. Maelezo yako ni bora kuliko ya vitabu vyetu. Ila ruhusu nikukosoe kwenye kapi. Bega lililolegea likivutwa juu na kamba huumia kwa urahisi, mkono mzima una nguvu na hausikii uchungu wa mwenzake. Siku hizi hatuwashauri. Bora akae mezani, vidole avifungamanishe, mikono yote miwili aisogeze mbele juu ya kanga iliyokunjwa, kama anafuta meza. Mikono haipiti usawa wa bega.

#21 KapiLaJahazi
Marahaba. Miezi saba naivuta kamba hiyo, na bega kweli linamuuma. Nilidhani ni baridi ya kaskazi.

#22 MchokoziDarajani
Mzee, kaskazi ndiyo joto 😂

#23 KapiLaJahazi
Mjukuu kaandika vibaya. Nilisema kusi.

#24 FizioMtaani
BintiKengeja, mazoezi uliyoambiwa bila kuelezwa ni haya kwa sasa: kukaa ukingoni mwa kitanda miguu ikigusa chini, mara nyingi kwa siku hata dakika tano. Kusimama umemshika kiunoni kwa mkanda au leso, wewe uko upande ulio dhaifu, goti lako mbele ya goti lake lisikunjike. Mswaki, kikombe, kufunga kifungo, vitu vya kila siku vinavyorudiwa. Kufinya mpira peke yake hakurudishi mkono. Nafuu kubwa huja miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo usisubiri "mrudi baada ya mwezi". Nenda kaulizie fizio, yaani mazoezi ya viungo, hospitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee pale Mkoani, uone ratiba yao.

#25 MtotoWaShamba
Miezi mitatu ikipita ndiyo basi?

#26 FizioMtaani
Hapana. Kasi inapungua, mlango haufungwi. Nina mtu aliyeanza kushika kijiko mwaka wa pili.

#27 MpembaMuscat
Na kugeuzwa kitandani? Baba yetu alipata vidonda mgongoni, dada yangu alikuwa anamgeuza kila adhana. Mara tano kwa siku, na bado akatoka vidonda.

#28 NesiMstaafu
Adhana ni saa nzuri kwa mchana, na mchana wenyewe unahitaji nyongeza. Lakini toka Isha mpaka Alfajiri ni saa nane na zaidi amelalia pahala pamoja. Ngozi inataka kupumzishwa kila baada ya saa mbili hivi. Mto kati ya magoti, visigino visiguse godoro. Ukiona pekundu pasipoondoka ukibonyeza, hapo kidonda kishaanza ndani. Msipachue pahala hapo.

#29 MamaWaWatano
Kwa hiyo dada yake MpembaMuscat alitakiwa aamke saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Peke yake. Nyinyi mko wangapi?

#30 MpembaMuscat
Saba. Lakini mie pesa nilikuwa natuma kila mwezi, haijawahi kukatika.

#31 MamaWaWatano
Pesa haimgeuzi mtu saa nane ya usiku, kaka yangu. Mie si mtoto wa yule mkwe wangu wa bokoboko, ni mke wa mwanawe, nimemuosha miaka mitatu. Siku ya khitma wakashukuriwa watoto wake kwa majina.

#32 MpembaMuscat
Sina jibu.

#33 BintiKengeja
Kwetu ndiyo hivyo. Kaka wanasema "weye ndiye mtoto wa kike, mama atakuonea haya kidogo kuliko sisi". Wa pili anasema tusubiri karafuu zikauke azipeleke ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ndiyo tuzungumze habari ya kigari cha mama. Karafuu zenyewe bado ziko mtini. Pampasi za watu wazima naweka za usiku tu, mchana natumia vitambaa vya kanga.

#34 MtotoWaShamba
Hebu mwandikishe kwenye pensheni jamii ya wazee wa Zanzibar, ile elfu ishirini kwa mwezi.

#35 MaktabaBubu
Ilianza 2016 kwa 20,000, sasa ni 50,000. Lakini ni ya waliofika miaka 70. Mama ana 66.

#36 MtotoWaShamba
Basi nimekosea mara mbili kwa sentensi moja.

#37 FundiWaMachomane
Choo mmefanyaje? Kama ni cha kuchutama usimpeleke hivyo hivyo. Chukua kiti cha plastiki chenye mikono, kile kizito, si cha harusini. Chora duara kwa mkaa, toboa tundu moja kwa msumari wa moto, pitisha msumeno mwembamba, zungusha. Ukingo usiuache, piga msasa mpaka ukipitisha kiganja usihisi kitu, halafu uzungushie mpira wa baiskeli uliopasuliwa. Miguu ya kiti ifunge kwa chini na ubao ili isitanuke akikaa. Weka juu ya choo. Ukutani upande wake mzima gonga ubao wa kushikilia. Gharama ni kiti tu. Ukikwama nitafute, nakutengenezea.

#38 BintiKengeja
Allah akulipe. Hili nilikuwa naona haya kuliuliza.

#39 UstadhiMdogoWete
Na sala yake msiiache mkadhani imeanguka. Asali amekaa, asipoweza amelala, kwa ishara. Maji yakimdhuru au hakuna wa kumtia udhu, atayamamu.

#40 JirabuYaChuini
Mmesema yote, hamjasema chanzo. Chanzo ni papa ng'onda, yule mkavu wa chumvi. Wapemba mnakula chumvi kama mnajihifadhi wenyewe msioze.

#41 MchokoziDarajani
Na urojo wenu wa Forodhani hauna chumvi?

#42 MaktabaBubu
Chumvi inapandisha presha, kweli. Lakini ng'onda isibebeshwe yote. Utafiti wa 2003 mpaka 2006, ukisawazisha tofauti za umri, ulikuta Dar es Salaam viharusi vipya karibu 316 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Hai kule Kilimanjaro karibu 109. Dar hawajulikani kwa ng'onda.

#43 NesiMstaafu
Mimi nimeona wengi wakirudi mara ya pili, na wengi wao walikuwa wameacha dawa. Wanapima, 130 kwa 80, wanasema nimepona. Imeshuka kwa sababu unameza! Halafu wapo wanaogawana vidonge na jirani. Kingine: kama kwenye karatasi ya mama mna aspirini, ni kwa sababu mshipa umeziba na kipimo kimeonesha. Asitokee mtu hapa akaenda kumpa aspirini jirani aliyeanguka leo. Kama mshipa umepasuka utamuongezea damu. Mdomo ukienda upande, mkono ukaanguka, maneno yakapotea: angalia saa, kimbia. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida mwisho wake ni muda wa saa nne na nusu toka dalili zianze.

#44 MjukuuWaMaalim
Na wanaouguza wapime presha zao pia. Bibi yetu aliyekuwa anakaa mlangoni alianguka kabla ya babu kuondoka. Hakuna aliyewahi kumpima.

#45 MpembaMuscat
Nimempigia dada yangu leo. Hakupokea. Nitajaribu tena kesho.

#46 FizioMtaani
Binti, jambo moja kuhusu maneno, nilifundishwa na mtaalamu wa matamshi. Usimwambie "sema maji". Anzisha kitu anachokijua kwa moyo, umwachie neno la mwisho. Aya, methali, wimbo wa kubembelezea mtoto. Simama, subiri. Subiri kuliko unavyoona inafaa. Usimkamilishie.

#47 BintiKengeja
Wanabaraza, nimerudi baada ya siku kumi na moja. Kiti kimetengenezwa, fundi hakuchukua pesa. Kaka wa tatu analala chumbani kwa mama kumuuguza Alkhamisi na Ijumaa, analalamika lakini yupo. Presha yangu nimepima, sitaki kuisema hapa.

Jana jioni nimemkalisha wima, nikamwambia: "Mama. Haba na haba hujaza..." Nikanyamaza. Kaangalia dari. Kaangalia mdomo wangu. Nilihesabu mpaka ishirini. Akasema: "Maji."

#48 MtotoWaShamba
Allahu Akbar! Lakini si kibaba?

#49 MaktabaBubu
Amekosa neno, limetoka jengine. Ni kawaida sana katika ugonjwa huu. Ukisema "hujaza", mtungi nao hujazwa maji, maneno hayo yako jirani.

#50 MamaWaWatano
Hajakosa. Alikuwa na kiu.

#51 UstadhiMdogoWete
Mimi naona kisomo kimefungua.

#52 MtotoWaShamba
Na mafuta ya karafuu je, mlimchua siku hiyo?

#53 BintiKengeja
Shangazi alimchua mchana, ndiyo 😅 Na ustadhi wa mtaani alisoma Alasiri. Na meza alifuta mara kumi.

#54 NesiMstaafu
Ulimpa?

#55 BintiKengeja
Nilimpa. Kwa kijiko, vijiko sita, kidevu chini. Havikumpalia.